Barolo kwa Sufuria ya Chai

Hutaamini, na sitakulaumu. Hata mimi, ningeikuta hadithi hii kwa ukurasa wa mtu mwingine ningesema huyu anatafuta wafuasi tu, nikapitisha kidole nikaenda mbele. Lakini ilitokea, jikoni kwetu, Ijumaa mchana, na mimi nilikuwa hapo. Mama yangu Drusilla, shemasi wa kanisa kwa miaka ishirini na sita, mwanamke ambaye hata dawa ya kikohozi anainusa kwanza aone kama ina pombe, alichemsha chupa nzima ya Barolo, divai ya Italia, ya mwaka wa 2016, kwa sufuria ya chai.

Akaweka na sukari. Vijiko vinne.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi. Nilijua Barolo ni nini. Nilijua 2016 ni nini. Nilijua moto unafanya nini kwa kitu kama hicho. Ndani ya simu nilikuwa na sauti ya ndugu yangu Mose akiniambia hayo yote kwa mdomo wake, dakika mbili na sekunde kumi na tisa, na kidole changu kilikuwa juu yake.

Sikubonyeza.

Ngoja nirudi nyuma ndio uelewe, kwa sababu ukianzia hapo kwa sufuria utaona mama yangu ni mjinga, na si mjinga.

Mose alienda Italia kukimbia. Kule kuna mbio za vijijini kila Jumapili, na vijana wa kwetu wenye miguu mepesi wamekuwa wakienda. Mshindi anapewa kikombe na paja zima la nguruwe lililokaushwa. Nyumbani tulitumiwa picha za vikombe tu, kwa sababu kanisani kwetu nguruwe haliwi. Mwaka wa pili goti likakataa. Alikuwa na aibu ya kurudi na mkoba mmoja kama alivyoenda, kwa hivyo akafuata wenzake kuvuna zabibu huko Piemonte, kaskazini, kwenye vilima karibu na mji mdogo unaoitwa Serralunga. Alivuna kwa mzee mmoja jina lake Dalmorra. Wiki tatu zikawa mwaka, mwaka ukawa kumi.

Wazazi aliwaambia yuko kwa shamba la matunda.

"Na zabibu si matunda?" aliniuliza.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nilikuwa bado shule ya upili, nikapata simu yangu ya kwanza, ile ya kioo kimepasuka, na Mose akaanza kunitumia sauti. Wewe unajua watu wengine wanavyotumiwa na ndugu zao picha za theluji. Mimi nilikuwa natumiwa masomo ya divai ya Italia! Nikiwa Nyamira, nyumba ya mzee wa kanisa, nimelala kitandani na blanketi kichwani, najifunza kwamba Toscana wana zabibu inaitwa Sangiovese, kwamba huko Veneto wanazikausha kwa vichanja miezi mitatu kabla ya kuzikamua, kwamba Sicilia kuna mlima unatoa moshi na watu wanalima hapo hapo begani mwake.

"Phanice, hebu niambie, kilima chetu kinaangalia wapi?"

"Kinaangalia kwa kina Angwenyi."

"Fala wewe. Jua linakipiga wapi asubuhi?"

"Huko juu, kwa barabara."

"Sasa hapo juu ndio Barolo. Umeelewa? Zabibu ni moja, mchanga ni mmoja, lakini upande unaoamkia jua unatoa kitu kingine kabisa. Ni kama majani chai yetu ya juu na ya chini. Tata hajui, lakini yeye ni Mwitaliano."

Tulicheka kwa kumfanya baba yetu Mwitaliano. Kutoka siku hiyo shamba la juu tukaliita Barolo, na lile la chini kwenye majimaji tukaliita Prosecco, kwa sababu Mose alisema hiyo ni divai ya haraka, ya watu wasiopenda kungoja. Ukawa mchezo wetu. Shida ni kwamba siku moja nilijisahau.

"Tata," nikamuuliza baba yangu asubuhi nikiwa na kikapu mgongoni, "leo tunachuma Barolo au Prosecco?"

Akasimama. Tata ni mtu mrefu, anaongea kama anayelipia kila neno.

"Hayo ni majina ya nini?"

"Ya mashamba tu, Tata. Mose aliyapata huko."

Aliyarudia polepole, akiyatafuna. Nikaona amependa. Mtoto wake yuko Italia na ametuma majina ya mashamba, nani asingependa? Baada ya mwezi kila mtu kwetu alikuwa anasema Barolo. Wachumaji walisema Barolo. Karani wa kituo cha kupimia chai aliuliza kama Barolo imemaliza. Na Sabato moja ya shukrani Tata alisimama mbele ya kanisa lote, mkono kifuani, akasema anamshukuru Mungu kwa namna alivyoibariki Barolo yake mwaka ule. Watu wakasema amina.

Mimi nilikuwa kwa kiti cha nyuma nikiuma leso. Nilimtumia Mose habari hiyo kabla hata ya wimbo wa kufunga. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Phanice, hiyo si nzuri lakini." Nami nikamjibu na vile vichwa vya manjano vinavyolia kwa kicheko.

Unapaswa kujua pia kwa nini si nzuri. Babu yetu, baba yake Tata, alikufa kwa chang'aa, kwenye mtaro wa barabara, na Tata ndiye aliyemkuta akienda shule. Alikuwa na miaka tisa. Aliweka vitabu vyake chini ya kichwa cha babake ili uso usiwe kwa maji, akakimbia kuita watu. Hakuna mtu wa kwetu anayehadithiwa hilo. Tunalijua tu, kama tunavyojua mlango wa choo unafungukia wapi.

Mose alikuja nyumbani Desemba ya 2022, mara moja tu kwa miaka kumi. Alikuwa amenenepa mabega. Mama alimgusa uso kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kwa begi, katikati ya jaketi mbili, alikuwa amebeba chupa moja.

"Hii ni 2016," aliniambia, akiiweka chini ya kitanda changu, imelala. "Mwaka ambao mvua ilikuja ikaenda kwa adabu, jua likakaa mpaka Oktoba bila pupa. Mwaka kama huo hauji mara nyingi. 2014, ule wangu wa kwanza, zabibu zilioza mikononi. 2017 ukame. Lakini hii! Na huu ndio mwaka ambao mzee Dalmorra alinipa mistari yangu mitatu ya mizabibu nikate mwenyewe."

"Inanuka aje?"

"Waridi na lami."

"Lami ya barabara?"

"Unakumbuka walipoweka lami hapo juu, na waridi za Mama zilikuwa zimefunguka uani? Siku hiyo. Hivyo ndivyo inanuka."

Alitaka kumwambia Tata taratibu. Hakupata nafasi. Sabato ile ilikuwa ya Meza ya Bwana, na kabla ya kuanza, pale nje, mwalimu mmoja mgeni alimuuliza Mose anafanya kazi gani huko ng'ambo. Wazee wote walikuwa wamesimama hapo. Mose hajui kudanganya ana kwa ana, anajua kwa simu tu.

"Natengeneza divai," akasema. "Inaitwa Barolo."

Mtu mmoja, sitamtaja, akacheka puani. Wa pili akacheka. Nikamwona Tata akihesabu zile Sabato zote, yale maombi yote, ile amina.

Kwetu kabla ya kula Meza ya Bwana watu huoshana miguu. Wanawake ndani, wanaume nje kwa nyasi. Na desturi ni kwamba kama una jambo na mtu, huyo ndiye unayemtafuta na beseni. Nilikuwa dirishani nikimkausha miguu shangazi Eucabeth, nikamwona Mose akichota maji, akaweka taulo begani, akaenda akapiga magoti mbele ya Tata. Tata alikuwa ameshavua soksi moja.

Aliangalia mikono ya ndugu yangu. Ile rangi ya zabibu ilikuwa imeingia kwenye mistari ya viganja, haikutoka hata kwa sabuni ya kipande.

"Mikono hiyo ndiyo inioshe?"

Akavaa soksi yake. Akafunga kamba za kiatu, taratibu, mafundo mawili, akaenda zake kwa njia ya mashambani. Mose alibaki hapo amepiga magoti, maji yanatulia kwenye beseni.

Alirudi Italia Jumatano. Baada ya siku chache ndipo aliponitumia ile sauti. Naijua kwa moyo.

"Phanice. Hiyo chupa ilale, isisimame. Giza, baridi, na chini ya kitanda chako ni pazuri tu. Moto usiione kabisa. Ikipata moto imekufa, utakuwa unampa Tata maji ya kutu na jina langu juu yake. Sasa sikia. Ule mwaka mzee Dalmorra alisimama nyuma yangu nikikata mizabibu, akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni baba yangu, kwa majani chai. Nikamwambia Tata alikuwa anatuambia, usikate kwa hasira, kata kama mtu atakayerudi. Yule mzee alivua kofia. Haki ya Mungu, alivua kofia. Kwa hivyo siku Tata atakubali, mwambie hiyo si pombe yangu. Hiyo ni kazi ya mkono wake, imepitia kwangu tu. Inaweza kungoja miaka thelathini, ina subira kumliko. Lakini aionje ikiwa nzima, Phanice. Ikiharibika usimpe. Afadhali asionje kabisa kuliko adhani hiyo ndiyo kazi niliyofanya."

Halafu kuna kuku anasikika, kuku wa Italia, na inakatika.

Sikumsikilizisha Tata ile sauti. Nilikuwa nangoja akubali, si ndivyo nilivyoagizwa? Nilikuwa nimeshapata kazi ya kurekebisha simu mjini Kisii, nimekodi chumba Nyanchwa, narudi nyumbani wikendi. Kila nikirudi naangalia chini ya kitanda. Ipo. Imelala. Na nikawa najiuliza mbona haina vumbi.

Oktoba ya 2024 mvua ilinyesha Piemonte kupita kiasi. Trekta iliteleza na Mose kwenye mteremko, ikamlalia. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Sitaandika mazishi. Nitasema tu kwamba alifika baada ya wiki tatu, na binti wa Dalmorra alikuwa ametuma mkoba wake, na juu kabisa ndani ya mkoba kulikuwa na viatu vyake vya kukimbia ambavyo alikuwa anavaa shambani. Vilikuwa vimeganda udongo mweupe unaoelekea kijivu. Tata alitupa udongo wa kwanza kaburini, akarudi kwa viti vya wageni akauliza kama watu wamekula.

Ijumaa ya pili baada ya hapo nilitoka Kisii mapema. Nikapita nyuma ya nyumba. Nikamkuta Tata ameketi kwa kigoda karibu na tangi la maji, suruali imekunjwa, beseni katikati ya miguu. Anaosha viatu vya Mose. Alikuwa anatoa ule udongo wa Italia kwa kidole gumba, kwenye kila ufa wa soli, anaumwagia maji ya vuguvugu kwa mkono, kidogo kidogo, namna tunavyoosha mguu wa mtu kanisani. Taulo ilikuwa begani.

Nilirudi nyuma kimya. Lakini Mama alikuwa amemwona kabla yangu, kwa dirisha la jikoni.

Sasa tumefika kwa sufuria.

Wewe labda hujui, kwetu Meza ya Bwana haina pombe. Mashemasi wa kike hununua zabibu kavu, wanazichemsha, wanachuja, na hiyo ndiyo divai. Mama amefanya hivyo tangu sijazaliwa. Kwa hivyo alipoamua kwamba leo Tata amelainika, leo atapokea, alifanya kitu anachokijua kuliko mtu yeyote wa kanisa letu. Alisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, akamimina, akawasha moto. Nilipoingia alikuwa ameshamimina yote. Ilikuwa bado haijachemka.

"Mama, hiyo uliitoa wapi?"

"Chini ya kitanda chako. Unadhani ni nani amekuwa akiipangusa kila Ijumaa?" Hakunigeukia. "Ninaitoa ile roho ya pombe, ibaki ile ya mtoto. Baba yako asipate kisingizio."

Na alikuwa anaimba. Kwa sauti ya chini, bila maneno. Tangu tupigiwe ile simu ya msiba mama yangu hakuwa ameimba.

Kidole kilikuwa juu ya ile sauti. Ningebonyeza, Mose angesema moto usiione kabisa, na Mama angeiepua, na labda kitu kingeokoka. Ila Mama angejua ni nini alichokuwa anamfanyia mwanawe.

Halafu ikaanza kupata joto, na ile harufu ikaja. Waridi na lami. Haki nakwambia, ilikuja yote kwa pamoja, ilijaza jiko, ile siku ya barabara na waridi za Mama, niliisikia mpaka kwenye meno. Ilipanda na mvuke, ikafika kwa mabati, ikapita pale juu ya ukuta ambapo moshi hupitia. Nikaiangalia ikienda.

"Inanukia vizuri," Mama akasema, akashangaa. Akachukua kijiko cha sukari.

Tata aliitwa kabla jua halijashuka. Mama aliweka kitambaa cheupe, mkate wa chapati isiyo na chumvi, na vikombe vitatu vya chai. Alimwambia wazi ni nini. Tata aliangalia kikombe muda mrefu. Mikono yake ilikuwa bado na mikunjo ya maji.

Akanywa.

Nilikunywa na mimi. Sikilizeni, nisidanganye watu: ilikuwa mbaya. Chungu, inakwaruza ulimi, na sukari juu yake kama jamu iliyoungua. Maji ya kutu. Kama alivyosema.

"Kwa hivyo hii ndiyo Barolo," Tata akasema.

"Ndiyo hiyo," Mama akajibu, na uso wake ulikuwa umefunguka.

Tata akanigeukia mimi. "Ndivyo ilivyo? Hivi ndivyo alivyoitengeneza?"

Mama alikuwa ananiangalia. Mkono wake ulikuwa juu ya kitambaa, umeungua kidogo kwa mvuke.

"Ndivyo ilivyo, Tata."

Akaitika kwa kichwa. Akanywa yote, mpaka chini, kama mtu anayemaliza dawa, na machozi yakaanza kumtoka bila uso kusogea. Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia Mose alisema ni yeye aliyemfundisha kukata. Kwamba aliwaambia wenyeji wa kule: usikate kwa hasira, kata kama mtu atakayerudi. Kwamba mzee mmoja alivua kofia.

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Wewe ulimsikia?"

"Kwa simu, Tata. Alinitumia sauti."

Akaweka kikombe chini. Akaangalia simu mkononi mwangu, na mimi nikaiona ile sura yake ya miaka tisa ambayo sikuwahi kuiona.

"Iko?"

Sauti ya Mose ilikuwa hapo, chini ya kidole changu. Mwanzoni inasema moto usiione kabisa. Mwishoni inasema ikiharibika usimpe. Na Mama ameketi katikati yetu na sufuria yake tupu.

"Haiko, Tata," nikasema. "Ilifutika."

Sasa ni zaidi ya mwaka. Mama amewaambia mashemasi wote kwamba baba Mose alikunywa kazi ya mwanawe kabla ya Sabato, na amani ikaingia nyumbani, na ni kweli iliingia. Tata hajawahi kubadilisha jina la shamba la juu. Na kila Ijumaa nikifika ananingoja kwa lango, ananipokea mkoba, tunatembea kidogo, halafu anauliza kama mtu ambaye wazo limemjia tu sasa hivi:

"Phanice, wewe si ndiye fundi. Hivi vitu vikifutika kwa simu, haviwezi kurudishwa?"

"Najaribu, Tata."

"Mbuya mono, vizuri sana, mwanangu. Jaribu polepole. Usiharakishe."

Niambie wewe unayesoma, na uniambie ukweli. Wewe ungebonyeza?